Bega! Miaka yangu kwenye laini ya futiboli ya chuo huku Marekani

Wadogo zangu wengi wananiulizaga, hasa vijana wetu wa Kirundi na Kikongo waliokulia huku Iowa, kaka uliingiaje kwenye ukocha, tena wa chuo, tena wa laini ya mbele ambayo hata mpira haishiki, na mi kila mara najibu mstari mmoja alafu nakimbilia kazini. Leo msimu umeisha, nje theluji imefika magotini, mama watoto amelala, acha niandike yote kwa mkupuo mmoja na mniwie radhi nikirukaruka.

Nimezaliwa kambini wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, mwaka 1996. Wazazi wangu ni Warundi wa 1972, wale waliovushwa mpaka wakiwa mgongoni wakati wa mauaji yale ya Burundi. Nyumbani tulikua tunaongea Kirundi, sokoni na kwa majirani Waha ni mchanganyiko, Kiswahili kikiwa juu. Kuanzia 2007 Marekani ikawa inachukua familia za hao wa 1972 kutoka kambi za Tanzania, zamu yetu ikafika 2008, mwezi wa pili, tukashuka Iowa na masweta ya kugawiwa. Baba akapata kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Mi nikaanza shule Kiingereza changu kikiishia kwenye salamu.

Mwili ndo ulinitangulia. Nafika darasa la tisa, ambalo kwao ndo mwanzo wa sekondari, nina kilo 104 na mpira ninaoujua ni wa miguu, nacheza namba tano. Mwalimu wa michezo akanitazama, akanipeleka kwa kocha wa futiboli, kocha akanishika mabega, akasema maneno ambayo sikuyaelewa, akanyoosha kidole kule walikojipanga wale wanene. Nikaenda. Sijatoka hapo mpaka leo.

Kwa ambao futiboli ya Kimarekani mnaionaga kwenye TV tu na kupita, kila upande una watu 11, timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifaulu inapewa manne mengine, ikishindwa inatoa mpira. Kati ya hao 11 kuna watano wanaoinama mbele kabisa. Wa katikati ni senta, ndo anaempa kwotabeki, yule anaeongoza mashambulizi na kurusha pasi, mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake, kulia na kushoto kwake kuna magadi wawili, nje ya magadi kuna matekeli wawili. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu hawa watano kwenda mbele kupokea pasi. Kazi yao ni kuzuia na kufungua njia. Wakimfungulia mkimbiaji akatoka yadi 60 uwanja mzima unaimba jina la mkimbiaji, na mtu wa laini utamsikia siku refa akitaja namba yake kwenye kipaza sauti kwamba kashika mtu, timu irudi yadi 10.

Watu wanadhani ni kusukumana. Hapana jamani. Hatua ya kwanza ya gadi ni fupi sana, kama sentimita 15, na ya pili inatakiwa iwe imeshakanyaga chini kabla hamjagusana, maana ukigongana na mtu una mguu mmoja hewani hata uwe na kilo 140 utarushwa tu. Mikono inaingia ndani, kifuani kwake, viwiko umebana. Nyonga zako ziwe chini kuliko zake, anaekua chini ndo anashinda, hilo hakuna kocha wa laini atakaebisha, ndo maana tunawatoa mbio chini ya kichanja cha vyuma kilichotengenezwa kifupi makusudi, ukiinuka mapema helmeti inagonga chuma na wote wanasikia. Na haya yote yanaisha ndani ya sekunde tatu, na yule wa mbele yako nae kafundishwa, na kabla hujainama vizuri wenzake wameshahama pale walipokua wamesimama.

Hapo wanapohama ndo kazi yenyewe ilipo. Wakihama watano wote lazima wajue na sisi tunahamaje, wajue saa hiyohiyo, na chombo pekee walichonacho ni mdomo. Senta anasoma dif, yaani wapinzani wanaotuzuia, anamnyooshea kidole mmoja wa wale wa nyuma na kutaja namba yake, maana yake tunahesabu kuanzia huyo. Gadi anajibu. Gadi anamwambia tekeli huyu tunaanza nae wawili alafu mmoja wetu anapanda kwa yule wa nyuma. Tekeli anajibu. Kila timu ina maneno yake, majina ya miji, rangi, wanyama, ili wapinzani wasishike. Laini nzuri ukiisogelea ni kelele kama mwaloni asubuhi mitumbwi ya dagaa ikiingia.

Na mi ndo nikapewa usenta.

Mwaka wa kwanza nilikua nanyoosha kidole tu, mdomo nimefunga. Niliona aibu ya lafudhi yangu, kuna wenzangu walikua wananiigiza nikitamka. Mechi moja ya 2012 nikamuona kabisa mtu anajiandaa kuja kutoka kushoto, nikajua anakuja, neno likakataa kutoka, nikanyamaza. Akapita hajaguswa na mtu, akamkuta kwotabeki wetu mgongo ukiwa wazi, mtulinga ukavunjika. Na huyo kwotabeki ndo alikua kijana wa kwanza kunialika kwao kula tangu tufike nchi hii. Nilienda kumuona hospitali nikakaa pale saa nzima na hata pale sikupata neno.

Usiku ule baba alikua na mapumziko, akanikuta jikoni naangalia video ya mechi kwenye laptop ya shule. Nikamweleza kilichotokea. Baba hajui futiboli, mpaka leo hajui. Akaangalia, akasema rudisha, nikarudisha, akasema tena rudisha, alafu akasema, "Mbona hawa watano wamebeba machela."

Machela kwa ambao hamjaishi vilimani: mgonjwa analazwa juu ya miti miwili iliyofungwa kamba au blanketi, wanne wanaweka mabegani, mnashuka mnapanda mpaka zahanati, na ugonjwa haungoji kukuche wala mvua iishe. Baba ujanani amebeba sana. Pale jikoni akanifafanulia kama mtu anaemkabidhi mwanae kazi. Wawili wa nyuma hawaoni njia, wanamuona mgonjwa tu, kwahiyo wa mbele wanaongea muda wote, jiwe kulia, utelezi, mfereji, tunakata kona, na wa nyuma lazima wajibu kila mara maana wasipojibu wa mbele watajuaje kama wamesikia. Alafu akaniambia hiki: bega likichoka unasema mapema. Unasema "bega", basi, na pembeni kuna watu wanatembea mikono mitupu wanasubiri neno hilohilo, mmoja anaingia chini ya mti, we unatoka, machela haijasimama. Akamtaja mtu mmoja ambae hakusema. Aliona haya mbele ya wanaume wenzake, akakaza, akakaza, mpaka goti likakataa lenyewe kwenye mteremko. Aliekua amelazwa juu alikua mama mjamzito. Baba hakumalizia, akaniambia zima hiyo ulale.

Kesho yake mazoezini nikaanza kupiga kelele, kwa Kiingereza changu kilekile na lafudhi yangu ileile, na cha ajabu hakuna alieniigiza tena, maana ukimwambia mtu hatari iko wapi hana muda wa kusikiliza umeitamkaje. Kiingereza changu mi nimekijengea hapo, kwenye nyasi, kabla ya darasani.

Chuo nikaenda 2014, chuo kidogo hapahapa Iowa, divisheni ya tatu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Wadogo zangu na wazazi hili mlielewe vizuri: divisheni ya tatu haitoi skolashipu ya michezo hata senti, vile vyuo vya juu kabisa ndo vilikua na zile 85 za futiboli. Huku chini unaingia kwa msaada wa masomo na wa hali ya familia, na unacheza kwasababu unapenda. Nilicheza senta miaka mitatu kati ya minne.

Iowa ni mahali pazuri kwa mtu wa laini kukulia. Kocha mkuu wa University of Iowa, Kirk Ferentz, yuko pale tangu 1999, na kabla ya hapo alikua kocha wa laini palepale, 1981 mpaka 1989. Yeye mwenyewe sekondari Pennsylvania alifundishwa na Joe Moore, ambae kwa watu wa laini ni babu wa ukoo, alifundisha chuo cha Pittsburgh na baadae chuo cha Notre Dame. Kuanzia 2015 kuna tuzo ya jina lake, na hii ndo tuzo ninayoipenda kuliko zote maana hapewi mtu, wanapewa laini nzima kwa pamoja. 2016 wakaichukua hao Iowa. Nilikua mwaka wa tatu chuoni, tulikua tumebanana chumba kimoja watu wa laini wa timu yetu ndogo isiyojulikana, na tulishangilia kama tumeshinda sisi. Na huyohuyo Joe Moore, Notre Dame walimuondoa kazini mwishoni mwa 1996, akawashtaki kwamba wamemtoa kwa ajili ya uzee wake, baraza la mahakama likampa ushindi 1998. Nawaambia hili mapema ili mjue kwamba hii kazi haina mwenyewe, hata babu wa ukoo aliambiwa kesho usije.

Nilipomaliza kucheza sikujiuliza mara mbili. 2018 nikapata nafasi ya GA chuo cha divisheni ya pili jimbo la jirani. GA ni kocha mwanafunzi, unasoma masters chuo kinakulipia ada, unapewa kiposho, na wewe unaupa ukocha masaa yako yote yaliyobaki. Tuliishi watatu chini ya nyumba ya bibi mmoja, chumba hakina dirisha. Saa kumi na moja alfajiri niko ofisini nachora kadi za mazoezi, kadi moja kwa kila mpangilio wa wapinzani, kwa mkono, kalamu za rangi, kadi 60 au 70 kwa siku. Nakata video, nafuata chakula, naendesha basi dogo kwenda kupokea wageni uwanja wa ndege, jioni darasani, usiku narudi kwenye video. Kufundisha kwenyewe ulikua unapewa dakika kumi na vijana wa akiba. Nilizitunza hizo dakika kumi kama mtu anaetunza moto wa kuazima.

Sasa nifike Agosti 2019, kitu kilichonifanya nitake kuandika leo.

Agosti huku ni joto la kubana. Mashamba ya mahindi yanazunguka mji mzima, mahindi nayo yanatoa unyevu wake, hewa inakua nzito kama uko ndani ya chungu. Tulikua wiki ya pili ya mazoezi, vijana wamevaa vifaa vyote. Kulikua na gadi mmoja wa akiba kwenye kundi langu, mtoto wa shamba, kilo 138, mkimya kidogo kwa asili ila uwanjani anaongea vizuri. Siku hiyo akaacha kuongea. Nikaona. Hapa ndo panaponiuma, sikukosa kuona, niliona kabisa. Senta anamwita hajibu, anaenda tu kwa mazoea, na mimi, mtoto wa mbeba machela, nikamsifia mbele ya wenzake. Nikasema muangalieni huyu, amechoka na halalamiki, hivi ndo mtu wa laini anavyotakiwa awe. Nilitaka kocha mkuu anisikie. Nilikua na miaka 23 na natafuta kazi.

Zamu mbili baada ya hapo akaanza kutembea kama mtu anaetafuta ngazi gizani. Trena wetu, yule dada anaeshughulikia afya na majeraha ya timu, alikua upande wa pili wa uwanja, akamuona kwa mwendo tu, akaja mbio. Hakuuliza ruhusa ya mtu. Tukamvua vifaa, tukamburuta watu sita mpaka kwenye beseni kubwa la maji na barafu linalokaaga pale pembeni, akazamishwa mpaka shingoni, joto la mwili lilikua limepita nyuzi 40. Gari la wagonjwa lilipofika trena akawaambia wangojee, kwanza apoe, kusafirishwa baadae. Hiyo ndo kanuni na hiyo ndo iliyomuokoa. Alikua anatukana hovyo ndani ya maji, hajui yuko wapi, ananiita jina la kaka yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 2018, Jordan McNair, mtu wa laini wa University of Maryland, umri miaka 19, alizidiwa na joto mazoezini, hakuingizwa kwenye maji ya barafu, akafariki tarehe 13 Juni. 2001 alikua Korey Stringer, tekeli wa Minnesota Vikings, mtu mzima anaelipwa, nae joto. Watu wa laini ndo wanaokaa kwenye hatari hii zaidi, mwili mkubwa unapika joto jingi na unachelewa kulitoa. Na mi nilikua nimeyasoma yote hayo. Habari ya McNair niliisoma nikalia. Kusoma hakukunisaidia kitu siku kijana aliponyamaza mbele ya macho yangu, kwasababu kichwani nilishajiwekea kwamba kunyamaza ni ushujaa.

Alipona. Alikaa nje wiki kadhaa akarudi. Nilienda kwao kuwaomba wazazi wake msamaha, kilometa karibu 300, baba yake akanisikiliza tumesimama mlangoni kwa zizi la ng'ombe, akaniambia mwanangu hata nyumbani haongei akiumwa, ndo tulivyomlea. Tukabaki tumesimama. Sikumpigia baba yangu simu kumwambia mpaka miezi imepita.

2020 ikaja korona. Agosti divisheni ya pili na ya tatu zikafuta mashindano yote ya msimu ule wa mapukutiko, posho ikakatika, masters nilikua nimeimaliza, kazi hakuna. Nikarudi nyumbani nikaingia kiwanda cha nyama, laini moja na baba, miezi saba. Sina mengi ya kusema kuhusu kiwanda, ambao mmefanya mnajua, vidole asubuhi havifunguki. Ila nilimuona baba kazini kwa mara ya kwanza, na kulikua na kelele za mashine hakuna anaesikia, na bado yeye na wenzake, Mkongo, Msomali, Mmexico, walikua wameshatengeneza lugha yao ya mikono na viwiko ya kuambiana kisu, sakafu ina maji, nishikie nimechoka.

2021 nikapata laini yangu mwenyewe. Chuo kidogo, divisheni ya tatu, mshahara ambao ilibidi mke wangu aongeze zamu kule anakotunza wazee ili tufike mwisho wa mwezi. Siku ya kwanza kwenye kile chumba kidogo cha mkutano kulikua na vijana 14, watoto wa wakulima karibu wote. Sikuanza na hatua wala mikono. Nilileta miti miwili na blanketi, nikamlaza mkubwa kuliko wote, kilo 145, wanne wakamnyanyua nikawatoa nje kuzunguka chuo, mtaroni, kwenye ngazi, kwenye kilima nyuma ya maktaba, wengine wanatembea pembeni mikono mitupu. Nikawafundisha neno moja la Kiswahili. Ilichukua kama dakika kumi na tano mpaka wa kwanza kulisema. Alilisema kwa sauti ya chini sana anatazama chini, "bega", na mwenzake akaingia pale chini ya mti kabla hajamaliza kulitamka, na niliwaona wote nyuso zao zikibadilika.

Tangu siku hiyo ni neno letu. Gadi akiona amezidiwa na yule wa mbele yake anapiga kelele bega, senta anajua amsogelee. Mazoezini kijana akiona kizunguzungu anasema bega, anatoka, hakuna swali, na mi siruhusiwi kumuuliza kwanini mpaka trena amalize nae. Usiku wa manane nimeshatumiwa hilo neno peke yake kwenye simu. Mara ya kwanza nilidhani kakosea namba, nikapiga, kijana analia, mama yake amekutwa na kansa. Zaidi ya mara moja nimevaa viatu usiku nikaenda bwenini nikakaa sakafuni na mtu wa kilo 130 tukingoja kukuche.

Kazi ya kila wiki wadogo zangu ni hii, msidhani ni Jumamosi tu. Mechi ikiisha Jumamosi, usiku huo au Jumapili alfajiri unakaa na video ile iliyopigwa kutoka nyuma ya goli, ndo inayoonesha laini vizuri, na kila mtu kila mchezo, yaani tangu mpira utoke kwa senta mpaka filimbi, unampa alama, kujumlisha au kutoa, alifanya kazi yake ndio au hapana, alifanya kwa namna sahihi ndio au hapana. Tukicheza michezo 70 ni watu watano mara 70, hukumu 350. Zamani nilikua natazama miguu na mikono tu. Sasa nina safu ya tatu kwenye daftari, aliongea au hakuongea. Kwenye video sauti haipo, unaangalia shingo, mtu anaeongea helmeti inageuka kwa mwenzake kabla ya mpira kutoka. Helmeti isiyogeuka naiwekea alama nyekundu hata kama alimuangusha mtu wake vizuri, na vijana wananikasirikia kwa hilo, wananiambia kocha nilimmaliza yule mtu, nawaambia ndio ulimmaliza, na gadi wako alikua hajui uko wapi.

Usajili nao ni kazi. Unaendesha masaa manne unakaa jikoni kwa watu. Kwa wazungu wa shamba nakula nyama na viazi, tunaongea ada. Kwa watu wetu ni shughuli nyingine, inabidi kwanza nieleze kwamba kuna mpira unaochezwa kwa mikono. Mama mmoja wa Uvira, yuko Des Moines sasa, akanisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza, "Bwana kocha, kichwa cha mutoto wangu utakirudisha namna ulikikuta?" Nilimwambia ukweli. Nilimwambia mama, siwezi kukuahidi. Nikamwambia kwamba 2017 watafiti wa Boston University walichapisha kwamba katika bongo 111 za waliowahi kucheza NFL, ligi ya kulipwa, 110 zilikua na ule ugonjwa wa kugongwagongwa, na nikamwambia pia kwamba nyingi zilitolewa na familia zilizokua zimeshaona dalili, kwahiyo sio kwamba kila anaecheza yatamkuta, ila mtu wa laini anagonga kichwa kidogokidogo karibu kila mchezo na hakuna kocha mkweli atakaekuambia haina madhara. Nikamweleza tunavyofundisha mikono itangulie kabla ya kichwa na siku tusizogongana kabisa. Alikaa kimya. Alinipa sombe na samaki nikala. Mwanae hakuja kwangu, anasoma uuguzi, na kila nikipita Des Moines nakula pale na sijawahi kujuta kwamba nilimjibu vile.

Mwisho wa 2022 kocha mkuu akaondolewa, na akiondoka mkuu wasaidizi wote mnaondoka, hivo ndo ilivyo. Mke wangu alikua na mimba ya miezi sita. Tulipakia nyumba nzima kwenye gari la kukodi, nikatuma maombi 41, nikajibiwa matatu. Nipo nilipo sasa tangu 2023. Na vyuo vya juu mambo yamebadilika sana, 2018 ikaja ile portal ya uhamisho, mchezaji anajiandikisha mtandaoni kwamba anataka kuhama chuo, 2021 wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina yao kwenye matangazo, laini inajengwa kwa pesa na kubomoka kwa pesa. Huku kwetu chini bado nakaa na kijana miaka minne.

Sasa baba. Baba hakuwahi kuja kwenye mechi hata moja nilipokua nacheza, zamu zilikua haziruhusu. Novemba 2024, ameshastaafu, nikamleta. Uwanja wetu ni mdogo, uzio uko karibu na nyasi, akasimama pale kwenye uzio na koti langu na kofia mbili, masaa matatu hajakaa, hajala. Tulishinda kwa pointi nne. Vijana wanaruka, wazazi wameingia uwanjani, watu wananipa mkono. Nikaenda kwake nikiwa na furaha sana, nikitegemea aseme kitu kuhusu ushindi.

Akaniuliza, "Mwanangu, yule wa katikati ana nini?"

Nikamwambia nani, senta? Amecheza vizuri sana baba, leo ndo kamaliza kabisa.

"Kuanzia hiki kipande cha mwisho hakunyoosha kidole. Wenzake ndo walikua wanamwambia. Akiinama anamtazama wa kushoto kwanza."

Nilibaki nimesimama. Nilikua mita ishirini kutoka kwa yule kijana robo nzima ya nne na nilikua naangalia saa na pointi. Nikamuachia baba ile karatasi ya michezo niliyokua nayo mkononi nikakimbia ndani. Chumba cha kubadilishia kimejaa muziki, wamemwagiana maji. Senta wangu alikua kwenye kiti chake kwenye kona, helmeti bado kichwani, anatazama kamba za viatu vyake kama mtu aliesahau zinafunguliwaje.

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamshika mikono. Alinitazama muda mrefu, mdomo ukafunguka ukafunga, alafu akasema polepole, "Bega, kocha."

Nikaingiza bega langu chini ya kwapa lake, gadi wa kushoto akaja upande wa pili bila kuitwa, tukatoka nae kwenda kwa trena.